Jina la Wengi Lisiandikwe kwa Mmoja



Mama mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi, uso umemsawijika. Alikuwa akitafuta ratiba ya mitihani katika tovuti ya madrasa anayosoma binti yake, akakuta mahali pake matangazo ya kamari. Akatuuliza, "Sheikh, madrasa yetu imeingiliwa na nini?"

Tulipofuatilia, tulibaini kuwa hapakuwa na mwizi. Miaka michache nyuma, kijana mmoja mwenye moyo wa kujitolea aliisajilia madrasa jina la tovuti kwa barua pepe yake na kwa pesa zake. Kisha akapata kazi Ghuba, akasafiri. Taarifa za kulipia upya zikawa zatumwa kwa barua pepe aliyokwisha kuiacha. Muda ukamalizika, jina likarudi sokoni, mtu mwingine akalichukua kwa mujibu wa kanuni.

Yafaa basi tuelewe majina haya yanavyotolewa. Kila kompyuta iliyo katika intaneti hutambulika kwa nambari, na nambari hizo ni vigumu kwa binadamu kuzihifadhi. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu wa majina ya kikoa, ambao hutafuta nambari ya kila jina tuliandikalo. Majina hayo yamepangwa mfano wa nasaba. Tukisema Fatma binti Ali bin Salim, twaanza na mtoto na kuishia kwa babu. Vivyo hivyo kwa jina linaloishia na .or.ke: la mbele ni la madrasa yenyewe, .or ni fungu la taasisi zisizo za biashara, na .ke ndiye babu, yaani Kenya. Kompyuta huanza kuuliza kwa babu, ikatoka kulia kwenda kushoto, kama tusomavyo khati ya Kiarabu.

Juu ya mababu wote kuna daftari moja liitwalo mzizi. Lasimamiwa na ICANN, shirika lisilo la kutafuta faida, lililoundwa mwaka 1998 na lenye makao yake California. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkataba na serikali ya Marekani hadi mwaka 2016, mkataba ulipokoma. Daftari la .ke lashikwa na KENIC, iliyoanzishwa mwaka 2002, na chini yake wako mawakala wanaotusajilia. Nasi tusemapo tumenunua jina, kwa hakika tumelikodi kwa muda. Asiyelipa hulipoteza. Daftari nalo halimjui mwalimu wala mwanafunzi. Lamjua yule tu aliyeandikwa.

Suala hili la nani aandikwe liliwahi kuugusa Umma mzima. Mwaka 2012 ICANN ilifungua mlango wa majina mapya ya juu kabisa, kila ombi kwa ada ya dola 185,000. Kampuni ya Uturuki, Asia Green IT System, ikaomba .islam na .halal. Umoja wa Falme za Kiarabu ukapinga rasmi, na pingamizi lake likakataliwa mwaka 2013. Baadaye Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC, yenye nchi wanachama 57, nayo ikaandika kupinga. Kampuni ilijitetea kuwa ingeunda baraza la kushauri juu ya matumizi ya majina hayo. Shauri likavutana kwa miaka, hata Oktoba 2018 bodi ya ICANN ikaamua kuwa maombi hayo yasiendelee.

Hatusemi kuwa kampuni ile ilikuwa na nia mbaya. Nia aijua Mola. Lakini twaona hekima katika swali lililoulizwa: jina la wengi laandikwaje kwa mmoja, bila ya hao wengi kuridhia? Wazee wetu wa Pwani walilijua swali hilo katika ardhi. Ni viwanja vingapi vya misikiti vilivyoandikwa kwa jina la msimamizi, akafa, na wanawe wakavirithi? Kwa ajili hiyo wakfu huandikwa ukashuhudiwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, yatufundisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi.

Basi twaziusia kamati za madrasa, misikiti na vikundi vya kina mama. Jina liandikwe kwa taasisi, wala lisiandikwe kwa mtu binafsi. Barua pepe ya usajili iwe ya taasisi, na watu wawili au watatu wa kamati waweze kuifungua. Tarehe ya kulipia iwekwe katika daftari moja na bili za maji na stima. Na mwenye funguo akisafiri, azikabidhi kabla hajapanda ndege, kama tunavyokabidhi funguo za msikiti.

Madrasa ile imesajili jina jipya, na wazazi wote wamearifiwa waliache la zamani. Kijana alipopigiwa simu huko aliko alilia; hakujua kuwa wema wake ungeishia hivyo. Tukamwambia Allah amlipe kwa alichokusudia, kwani kosa lilikuwa letu wazee, tuliomtwika amana peke yake tusimuulize tena. Yule mama aliyetujia Alasiri ndiye sasa ashikaye daftari.

Wabillahi tawfiq.