Kitabu cha Bure Kinalipwa na Nani?

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita tulikaa nyuma ya chumba cha Darasa la Nne kumsikiliza mwanachuo wetu mmoja akifundisha ufahamu. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilisikika vema, na watoto walimpenda. Alikuwa akiwasomea hadithi kutoka katika simu yake. Ilipofika pale ambapo mtoto aliyepotea anasikia sauti ya mama yake ng'ambo ya mto, mwalimu wetu alinyamaza ghafula. Akapandisha kidole juu ya kioo cha simu, akakishusha, akakipandisha tena. Kurasa mbili za mwisho hazikuwamo. Aliyekipiga picha kitabu kile alizisahau. Watoto wakauliza kwa pamoja, "Ikawaje?" Hapakuwa na mtu wa kuwajibu.

Baada ya kipindi tulimwuliza mwanachuo huyo alikipata wapi kitabu. Akasema alitumiwa na rafiki yake, naye rafiki alitumiwa na mtu mwingine. Jina la mwandishi hakulijua, kwa kuwa jalada nalo halikupigwa picha. Tulitaka kumkaripia, lakini tukakumbuka kwamba katika simu yetu wenyewe vilikuwamo vitabu vya namna hiyo zaidi ya kumi, na baadhi yake tulikwisha kuwagawia wanachuo. Kwa hiyo makala haya hayaandikwi na mtu asiye na kosa.

Suala la vitabu katika zama hizi za kompyuta na simu limezungumzwa sana kwa upande wa vyombo, na kidogo mno kwa upande wa mwalimu. Sisi twaona kwamba mwalimu ndiye kiungo cha mwisho cha mnyororo unaoanzia kwa mwandishi na kuishia kwa mtoto. Viungo vingine vyote vinabadilika. Hiki cha mwisho kikikatika, mabadiliko ya vile vingine hayatatufaa kitu.

Yafaa kwanza tuutazame mnyororo wenyewe. Mwandishi huandika mswada. Mchapishaji huusoma, huuhariri, humtafuta mchoraji na kugharimia uchapaji. Muuza vitabu huzichukua nakala, huzisafirisha, kisha humngoja mnunuzi. Fedha hurudi kwa njia ile ile: kutoka kwa mnunuzi hadi dukani, kutoka dukani hadi kwa mchapishaji, na sehemu ndogo iitwayo mrabaha humfikia mwandishi. Mnyororo huu una historia kwetu. East African Literature Bureau ilianzishwa mwaka 1948, na Tanzania Publishing House mwaka 1966. Mwaka 1991 ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao ulinunua sehemu ya nakala za wachapishaji wa hapa nchini na kuzipeleka shuleni. Funzo lake ni wazi. Mchapishaji anayehakikishiwa kwamba nakala zake zitanunuliwa huthubutu kuchapa hadithi za watoto. Asiyehakikishiwa hukimbilia vitabu vya mitihani.

Tangu wakati huo mambo yamegeuka sana duniani. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza vitabu kwa mtandao mwaka 1995, na mwezi Novemba 2007 ikatoa Kindle, chombo cha kusomea vitabu visivyo na karatasi. Mwaka 2011 maduka ya Borders, yaliyokuwa miongoni mwa maduka makubwa ya vitabu nchini humo, yalifungwa. Wengi wakatabiri kifo cha kitabu cha karatasi. Lakini kitabu cha karatasi hakikufa. Hata huko ndicho kinachouzwa zaidi mpaka leo. Kilichobadilika ni namna ya kukitengeneza na kukifikisha kwa msomaji.

Afrika nayo haikukaa nyuma. African Books Collective, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Kiafrika mwaka 1985, leo huuza ng'ambo vitabu vinavyochapwa kwa oda: nakala huchapwa baada ya mnunuzi kuiagiza, na mchapishaji halazimiki kujaza ghala akingoja bahati. Nchini Kenya kampuni ya eKitabu, iliyoanzishwa mwaka 2012, huuza vitabu vya kielektroniki. Hapa petu waandishi wa riwaya huuza hadithi zao kwa simu, kipande baada ya kipande, msomaji akilipa kabla ya kupewa sehemu inayofuata. Shuleni nako, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba mtandao. Haya yote twayapokea kwa furaha. Mwalimu wa kijijini ambaye zamani alisafiri hadi wilayani kutafuta kitabu kimoja, leo aweza kukisoma akiwa chini ya mwembe wa shule yake.

Hata hivyo, urahisi ule ule unaomletea mwalimu kitabu ndio unaomnyang'anya mwandishi ujira wake. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme kitabu cha hadithi kinauzwa shilingi 5,000, mrabaha ni asilimia 10, na zimechapwa nakala 2,000. Zikiuzwa zote, mwandishi atapata shilingi 1,000,000 kwa kazi iliyomchukua labda mwaka mzima. Huo si utajiri. Sasa chukueni chuo chenye wanachuo 400. Mmoja ananunua kitabu, anazipiga picha kurasa, na jioni hiyo hiyo anawatumia wenzake 399. Vyuo vitano vikifanya hivyo, wasomaji 2,000 wamepatikana, lakini nakala zilizouzwa ni tano. Mwandishi amepata shilingi 2,500. Nakala 1,995 zimo ghalani zikiliwa na mchwa.

Mtu aweza kutujibu kwamba wanachuo wale 399 wasingenunua kitabu hata kama wasingetumiwa. Kweli, si wote. Lakini hata robo tu ya wanachuo wa vyuo hivyo wangenunua, zingeuzwa nakala 500, na huenda mchapishaji angepata moyo wa kuupokea mswada wa pili. Katika mfano wetu mswada huo hautakuja. Mwandishi atarudi kwenye shamba lake au ofisi yake, nasi baada ya miaka michache tutalalamika kwamba watoto wetu hawana hadithi za Kiswahili za kusoma.

Liko jibu jingine, nalo ni zito zaidi: kitabu ni ghali, mwanachuo hana kipato, na duka la vitabu halipo. Hatuwezi kulipuuza jibu hili. Katika mji wetu lilikuwapo duka moja la vitabu, na leo rafu zake zimejaa madaftari, kalamu na biskuti. Tulimwuliza mwenye duka kwa nini ameviacha vitabu. Akajibu, "Mwalimu, ninyi ndio mliokuwa wateja wangu." Hatukuwa na la kusema. Lakini mzee huyo huyo ndiye aliyetufundisha kwamba duka laweza kuwa simu. Tulipomtajia hadithi ile iliyokatika mtoni, aliitambua. Alimpigia mchapishaji Dar es Salaam, tukachanga na mwanachuo wetu, fedha zikaenda kwa simu, na siku ya tatu kitabu kikashuka katika basi kikiwa ndani ya bahasha yenye jina la shule. Nauli yake ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Hapana budi wachapishaji nao watimize wajibu wao: waitangaze orodha ya vitabu vyao na bei zake mahali ambapo mwalimu ataiona, wapokee oda ya nakala moja bila kuidharau, na wauze nakala ya kielektroniki kwa bei ambayo mwanachuo aweza kuimudu. Anayefanya biashara kuwa ngumu asishangae wizi ukiwa mwepesi.

Tena tusidhani kwamba kilichomo ndani ya chombo ni chetu daima. Mwezi Julai 2009 Amazon iliviondoa katika Kindle za wateja wake vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama. Sababu ni kwamba aliyevitia sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu walivyokwisha kulipia vilitoweka mikononi mwao. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vilivyonunuliwa humo havikusomeka tena, ingawa fedha zilirudishwa. Basi shule isiivunje rafu yake ya vitabu eti kwa kuwa imepata vishikwambi. Kitabu cha karatasi hakihitaji umeme wala bando, wala hakuna awezaye kukiondoa rafuni akiwa mbali.

Kwa hiyo tunawashauri wanachuo wanaojiandaa kwenda shuleni wayazingatie mambo manne:

(a) Kukitofautisha kitabu kilichotolewa bure na mwenyewe na kile kilichofanywa bure na mwingine. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini, kwa mfano, hutoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, na ruhusa ya kuzinakili, kuzitafsiri na kuzirekebisha imetolewa waziwazi. Hizo zitumieni bila hofu.

(b) Kununua nakala moja ya darasa. Mwalimu aweza kusoma kwa sauti kutoka katika nakala hiyo, au kuandika aya moja ubaoni kwa zoezi la ufahamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haimzuii mwalimu kutumia sehemu ya kazi kwa kufundishia, kwa kiasi kinachofaa na kwa kumtaja mwandishi. Kukigawa kitabu kizima ni jambo jingine.

(c) Kulitaja jina la mwandishi na la mchoraji kabla ya kila hadithi, na kuwauliza watoto majina hayo baada ya kusoma. Mtoto asiyejua kwamba kitabu kina mtu aliyekiandika hatajua kwamba kukiiba ni kumwibia mtu.

(d) Kuwafanya watoto watengeneze vitabu vyao kwa karatasi zilizokunjwa na kushonwa, chenye jalada na jina la mtunzi kila kimoja, kisha waazimane. Anayekiona kitabu chake kikinakiliwa na mwenzake bila jina lake huielewa hakimiliki kuliko tungeweza kumweleza kwa vipindi vitatu.

Mwanachuo wetu alirudi katika lile Darasa la Nne siku ya mwisho ya mazoezi, akiwa na kitabu chenyewe mkononi. Aliwaonyesha jalada, akawasomea jina la mwandishi, kisha akaendelea kutoka pale mtoni. Watoto wakajua ikawaje. Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja alinyosha mkono akauliza kama mwandishi huyo ameandika kingine. Tuliazimia kumtafutia jibu kwa yule mzee wa duka, nasi tunawaomba wasomaji wetu wawe tayari kulitafuta jibu la namna hiyo kila watakapoulizwa.