Imani Haikuzwi na Ratiba ya Sala

Fikra kwamba Mkristo hukomaa kwa kusali, kusoma Neno na kufunga kila siku bila kukosa imezoeleka mno makanisani Afrika Mashariki hivi kwamba ni nadra mtu kuihoji. Huhubiriwa kwenye mafungo, hupangwa katika ratiba za siku 21 au 40, na husambazwa kila alfajiri katika vikundi vya WhatsApp pamoja na mstari wa siku. Muumini hupewa hata daftari la ibada lenye visanduku vya tarehe. Akisali hutia alama ya vema, asiposali kisanduku hubaki kitupu. Alama zikijaa ukurasa, yeye na viongozi wake huridhika kwamba amekua. Ukiwauliza kwa nini, watajibu kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Methali hiyo inahusu nafaka, ambayo punje ya pili hukaa juu ya punje ya kwanza. Upendo haujai hivyo. Mazoea ya kila siku yanaweza kumkuza mtu, na yanaweza pia kumwacha alivyo kwa miaka 40 huku yakimpa hakika kwamba anasonga mbele. Mahali pa kuipimia fikra hii ni Nyundo, kaskazini-magharibi mwa Rwanda.

Nyundo ni kilima karibu na Gisenyi, mji wa Rubavu unaopakana na Goma, katika bonde la mto Sebeya. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifungua misheni hapo mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Save iliyokuwa ya kwanza nchini. Mwaka 1952 Nyundo ikawa makao ya vikarieti, na Aloys Bigirumwami akawekwa wakfu kuiongoza, akiwa askofu wa kwanza Mwafrika katika maeneo yote yaliyotawaliwa na Ubelgiji. Mwaka 1959 ikawa jimbo kamili. Pana kanisa kuu, pana Seminari Ndogo ya Mtakatifu Pio wa Kumi, na katika nyumba za malezi kama hiyo siku hugawanywa kwa kengele: sala ya asubuhi, misa, tafakari, kuchunguza dhamiri, rozari, sala ya usiku. Kama ratiba ingetosha kukuza imani, kilima hiki kingekuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuonyesha matunda yake.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika Nyundo tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa. Watu waliokimbilia seminari walishambuliwa humo humo. Waliobaki na wengine waliokimbilia kanisa kuu na makao ya askofu waliuawa katika siku zilizofuata, wakiwamo mapadri wengi wa jimbo. Askofu Wenceslas Kalibushi mwenyewe alichukuliwa na kupelekwa hadi kwenye makaburi ya halaiki mjini Gisenyi, akaponea chupuchupu. Waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa katika Kanisa moja, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1991 iliikuta na Wakristo takribani asilimia 90.

Parokia ya Nyange, katika jimbo hilo hilo, inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Watutsi wapatao 1,500 walikuwa wamejifungia kanisani. Tarehe 16 Aprili 1994 tingatinga lililibomoa kanisa likawaangukia. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani padri Athanase Seromba aliyekuwa akihudumu hapo. Mwaka 2006 alihukumiwa miaka 15, na mwaka 2008 Chumba cha Rufaa kikaamua kifungo cha maisha. Kanuni ya 276 ya sheria ya Kanisa inawataka mapadri wasali Sala ya Vipindi kila siku, na inawahimiza tafakari, kitubio cha mara kwa mara na ibada kwa Bikira Maria. Wachache duniani wamewekewa mazoea ya kiroho kwa ukamilifu kama padri Mkatoliki. Kilichofuata mauaji hayo kinafundisha kuliko hukumu yenyewe. Kabla ya kujisalimisha mwaka 2002, Seromba aliishi Italia akihudumu kama padri katika eneo la Florence chini ya jina jingine. Misa haikusimama. Ratiba ya altare iliendelea, na haikumsukuma kurudi Nyange.

Watetezi wa ratiba wana jibu moja wanalolitoa haraka: hao walikuwa Wakristo wa jina. Jibu hilo lina ukweli wake kihistoria. Miaka ya 1930, baada ya Wabelgiji kumwondoa Mfalme Musinga na kumtawaza mwanawe Rudahigwa, Wanyarwanda walimiminika kwenye ubatizo kwa wingi ambao wamisionari hawakuwa wameutarajia, na ukaribu na Kanisa ukawa njia ya kupata vyeo. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Bigirumwami aliliona tatizo la dini isiyogusa maisha ya ndani ya watu. Alitumia miaka mingi kukusanya na kuchapisha mila, methali na masimulizi ya Wanyarwanda, na mwaka 1954 akaanzisha *Hobe*, jarida la watoto la Kinyarwanda, ili Injili izungumze na watu palipo na maisha yao.

Hata hivyo, jibu la Wakristo wa jina haliiokoi fikra inayotetewa. Kama mazoea ya kila siku yangekuwa na nguvu inayosemwa, miaka 60 ya katekisimu, rozari na misa ingetosha kuwageuza hao wa jina kuwa wa kweli, maana hiyo ndiyo kazi yanayosifiwa kuifanya. Wala jibu hilo haliwafai watu waliopita seminari na kuwekwa wakfu. Anayesema ratiba hukuza imani, kisha kila inaposhindwa anadai kwamba muumini hakuwa muumini, amejijengea hoja ambayo hakuna tukio lolote linaloweza kuipinga.

Sababu ya ratiba kushindwa si fumbo. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu waliokuwa wakijizoesha jambo dogo la kila siku, kama kunywa maji au kukimbia. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kufanyika lenyewe, na muda ulitofautiana kutoka siku 18 hadi 254. Kwa hiyo siku 21 za semina hazina msingi huko. Lakini lililo zito ni maana ya zoea kukamilika: tendo hufanyika bila kufikiriwa. Kwa kupiga mswaki hiyo ni faida tupu. Kwa sala ni faida yenye hatari, kwa sababu kisichofikiriwa tena hakimuulizi mtu chochote. Baba Yetu anayosali bila kuisikia haitamkumbusha kwamba ameomba asamehewe kama anavyosamehe.

Walimu wa kale wa Kanisa walilijua hili. Yohane Kasiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5 juu ya wamonaki wa Misri, alifundisha kwamba kufunga, kukesha na kutafakari Maandiko ni zana tu; lengo ni usafi wa moyo, na anayekasirika kwa sababu amevurugiwa mfungo amepoteza zaidi ya alichotaka kupata. Thomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi. Kwake si kila tendo huikuza fadhila, na tendo linalofanywa kwa ulegevu kuliko fadhila iliyopo huandaa kupungua kwake. Kwa mafundisho hayo, alama za vema zinaweza kuongezeka daftarini huku imani ikirudi nyuma.

Gisenyi penyewe panaonyesha mazoea yaliyozaa matunda. Félicité Niyitegeka alikuwa miongoni mwa Wasaidizi wa Utume, wanawake walei waliojiweka wakfu, na alisimamia Kituo cha Mtakatifu Petro mjini humo. Alikuwa Mhutu, na ndugu yake alikuwa kanali jeshini. Mauaji yalipoanza aliwaficha Watutsi kituoni na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Ndugu yake alipotaka kumwokoa, alimwandikia barua akikataa: alikuwa na watu 43 mikononi mwake, na alichagua kufa nao kuliko kujiokoa peke yake. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994. Mwanamke huyu alisali kila siku, kama walivyosali wengi waliofunga milango yao. Tofauti haipatikani kwenye idadi ya sala. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupokea wageni, na hao 43 walipobisha hodi waliingia katika jambo alilokwisha zoea kulifanya.

Nyange nayo ina ushuhuda wa pili. Tarehe 18 Machi 1997 waasi waliingia katika shule ya sekondari ya hapo wakati wa masomo ya usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakisema wao ni Wanyarwanda. Sita kati yao waliuawa, na wengine wakajeruhiwa. Vijana hawa, pamoja na Niyitegeka, wametangazwa mashujaa wa taifa katika daraja la Imena. Mbele ya bunduki hapakuwa na nafasi ya kutafakari. Kilichojibu ni yale waliyokwisha kuyaishi pamoja darasani, mezani na bwenini, yaani zoea ambalo jirani alikuwamo ndani yake.

Upande wa Waprotestanti, Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930 ulilielewa hili nusu. Ndugu walikutana mara kwa mara, wakaungama dhambi mbele ya wenzao, wakalipa madeni na kurudisha vitu vya wizi kwa wenyewe. Hapo zoea lilikuwa na shahidi: aliyesema ametubu alijulikana kwa mali iliyorudi. Katika vita vya Mau Mau nchini Kenya, wengi wa ndugu hao miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika silaha za serikali, na baadhi walilipa kwa uhai wao. Lakini maungamo yalielekea zaidi ulevi, uzinzi, uongo na wizi. Chuki ya kikabila haikuitwa dhambi kwa sauti ile ile, na mwaka 1994 nchi iliyoanzisha uamsho ilivuna ilichokinyamazia. Mtu hukua pale anapoguswa. Pale ambapo hakuna anayeruhusiwa kumgusa, hubaki alivyo.

Zoea lenye nguvu kuliko yote yaliyotajwa lilipatikana Mushaka, parokia ya jimbo jirani la Cyangugu. Kanisa Katoliki lilipofanya sinodi yake kuhusu ukabila kati ya 1998 na 2000, iliyoitwa gacaca ya Kikristo, padri Ubald Rugirangoga aliendeleza kazi hiyo parokiani. Waliohukumiwa kwa mauaji hawakurudishwa kwenye Ekaristi kwa sababu tu walikuja misa kila Jumapili. Walipitia mafundisho ya miezi sita, wakawaendea manusura waliowakosea na kuwaomba msamaha, na ndipo wakapokelewa mbele ya jumuiya. Zoea takatifu kuliko yote lilisimamishwa ili imani ipate kukua. Huo ndio utaratibu wa Injili ya Mathayo, ambayo humwagiza mwenye sadaka aiache mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake. Fikra ya ratiba huagiza kinyume: endelea kutoa, mengine yatajipa.

Lipo pingamizi la mwisho, kwamba hoja hii itawapa wavivu kisingizio cha kuacha kusali. Haitoi. Niyitegeka hakufika alipofika kwa kuacha sala, na asiyesali hana hata pa kuanzia. Kinachokataliwa ni kuhesabu. Jumuiya ndogo inayokutana kila wiki ina nafasi ya kumuuliza mwanajumuiya ni nani hajasalimiana naye, ni deni la nani analikwepa, ni mjane gani mpaka wa shamba lake umesogezwa. Kuchunguza dhamiri usiku kuna faida jina la mtu likitajwa, na kesho yake mtu huyo akiendewa. Paroko anayetaka kujua kama waumini wake wanakua aliache daftari la ibada, aende akawaulize majirani zao, hasa wale wasiosali nao.