Nyimbo za Bendi katika Sikukuu ya Shule

Walimu wengi, waandaapo bendi ya tarumbeta kwa sikukuu ya shule, hukimbilia nyimbo ndefu za gwaride za kigeni. Sisi hatukubaliani nao. Midomo ya mtoto wa darasa la sita huchoka upesi, hasa kwa sauti za juu. Akikwama mbele ya wazazi wake, huenda asiishike tena tarumbeta. Heri wimbo mfupi ambao hadhira yaweza kuuitikia. Watu wa pwani walilitambua hilo mwishoni mwa karne ya 19, beni ilipozuka Lamu na Mombasa: mtindo wa gwaride waliuazima, maneno yakawa ya Kiswahili, na umati ukawafuata. Basi teueni wimbo uimbwao kijijini, ushusheni hadi sauti za kati, na ubeti wa pili waachieni wapiga ngoma, wapulizaji wapate kupumua.