Magazini mpya na barabara yetu: tuhesabu mbele ya kulalamika



Nyumba ya ghorofa ikianza kupanda kando ya barabara, maulizo yanakuwa yale yale. Ni ya nani? Watauza nini? Bei ya mchele na mafuta itashuka? Ulizo moja halina mwenye kuliuliza: magari na moto ngapi zitasimama mbele ya ule mlango kila saa, na zitasimama wapi? Kisha magazini inafunguliwa, muziki unapigwa, na baada ya mwezi mmoja barabara imefungika. Polisi wa rulaji wanakuja, na wa kwanza kufukuzwa ni mama mwenye beseni ya ndizi na nyanya, aliyeuza pale miaka yote barabara ikipitika. Kamyo inayoshusha saruji mbele ya mlango inabaki.

Ndiyo maana juma hili tunazungumza juu ya hesabu. Kuna njia ya kukadiria, hata mbele ya tofali la kwanza, duka jipya litaongeza nini barabarani. Wainjinia wanaifanya kila siku katika nchi zingine, na mama anayejua kuhesabu faida ya gunia la makala anaweza kuifuata bila shida.

Tuanze na ulizo la nani atakuja. Mwaka 1963 profesa mmoja wa Marekani, David Huff, alitoa hesabu ambayo ingali inatumika hadi leo. Alisema duka linavuta watu kwa ukubwa wake na linawapoteza kwa umbali. Unachukua ukubwa wa duka, unaugawanya kwa dakika za safari zilizozidishwa kwa zenyewe. Tuseme magazini mpya ya mita za mraba 800 inajengwa Nyawera, hapa Bukavu. Mama wa Panzi anahitaji dakika 40 kufika pale: 40 mara 40 ni 1600, na 800 kugawanya kwa 1600 ni nusu. Karibu naye kuna alimantasyo ya mita 100, dakika 10 tu: 100 kugawanya kwa 100 ni moja. Kwa hiyo katika safari zake tatu za kununua, mbili zitaenda kwa jirani na moja itakwenda Nyawera. Mama wa Nguba anayehitaji dakika 15 kufika kwenye magazini mpya, na mwenye alimantasyo ya namna ile ile karibu naye, ataenda kule karibu safari nne katika tano.

Mnaona vile inasaidia. Kabla ya kufungua, tunajua tayari kwamba wanunuzi wengi watatoka upande gani, na barabara gani itawabeba. Lakini tuhesabu kwa dakika, tusihesabu kwa kilometa. Kwa milima yetu, na mvua ikinyesha, kilometa moja si kilometa moja.

Sasa, wangapi? Muungano wa wainjinia wa usafiri wa Marekani, ITE, una kitabu kinene ambamo walikusanya hesabu za magari kwenye milango ya maduka mengi sana. Katika chapa ya kumi, ya mwaka 2017, waliandika kwamba kituo cha maduka kinaleta magari karibu 3.8 katika saa moja ya jioni yenye magari mengi, kwa kila mita za mraba 93, wanaoingia na wanaotoka pamoja. Kwa magazini yetu ya mita 800 ingekuwa kama magari 33 kwa saa. Mwenye jengo akileta karatasi yenye hesabu hiyo, kila mtu ataitikia: magari 33 ni nini?

Hesabu hiyo ni ya kweli kwao, siyo kwetu. Kule karibu kila mtu anakuja na gari lake, anasimama ndani ya parkingi ya duka, na anajaza chakula cha juma nzima. Sisi tunanunua ya leo, kesho tunarudi. Tunakuja kwa miguu au kwa moto, na motari anangojea mlangoni. Tena magazini zetu nyingi ni depo pia: wauzaji wa kantini wanakuja kuchukua makatoni, wabebaji wanavuka barabara na mizigo mgongoni. Hayo yote hayamo katika kitabu cha ITE.

Jambo moja la kitabu hicho tulipokee lakini, hata kama litafurahisha mwenye jengo kuliko sisi. Waliona kwamba jioni kama theluthi moja ya magari yanayoingia katika kituo cha maduka yalikuwa tayari yanapita barabara ile ile kurudi nyumbani. Hayo si magari mapya. Kwetu kadiri hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi, kwa sababu njia ni chache. Mji huu ulipangwa wakati wa Wabelgiji, ukiitwa Costermansville, kwa watu wachache. Upande huu ziwa, upande ule mlima. Mtu wa Panzi anayepita Essence kuelekea Nyawera hana njia nyingi za kuchagua. Basi tuyatoe magari hayo katika hesabu ya barabara. Katika hesabu ya mlango yanabaki, kwa sababu gari lililokuwa linapita sasa linasimama, na kusimama ndiko kunakofunga njia.

Hapa ndipo penye kiini cha yote, na ninaomba msome polepole.

Mwaka 1961 John Little, naye Mmarekani, alithibitisha kanuni fupi juu ya foleni. Idadi ya walio mahali fulani kwa wakati mmoja ni wale wanaofika kwa saa, mara muda kila mmoja anaokaa. Basi. Tuichukue mlangoni. Tuseme moto 90 zinafika kwa saa, na kila moja inakaa dakika 4 ikingojea mteja au kupatana bei: 90 mara 4 ni 360, kugawanya kwa 60 ni 6. Wakati wote kuna moto 6 pale. Taksi na magari ya watu 30 kwa saa, kila moja dakika 10: wakati wote kuna magari 5. Kamyo moja inayoshusha mizigo kwa saa nzima: wakati wote kuna kamyo moja. Magari matano yakipangwa moja nyuma ya lingine yanahitaji karibu mita 30 za kando ya barabara, mbele ya kuongeza kamyo na moto. Kama uso wa kiwanja ni mita 12 na parkingi ndani hakuna, mita zingine zitatoka wapi? Zitatoka katika lami, na pale walipokaa wamama wa mabeseni.

Sasa tazama barabara yenyewe. Tuseme pale penye wembamba magari 600 yanaweza kupita kwa saa. Yakifika 540, kila kitu kinaenda, pengine polepole. Duka likifunguliwa na kufikisha 660, wale 60 wa ziada hawapiti. Baada ya saa mbili ni 120 katika foleni, na wa mwisho atangojea dakika 12 zaidi. Na hapo tulidhani wembamba umebaki vilevile! Kamyo ikisimama na kuacha upande mmoja tu, labda 400 tu ndiyo yatapita. Hata wale 540 wa zamani hawatatosha tena, bila mnunuzi mpya hata mmoja. Ndiyo sababu ninaona ulizo la kamyo kuwa kubwa kuliko ulizo la wanunuzi.

Hizo hesabu zangu ni mfano. Za kweli zinatafutwa kwa miguu. Tuchague magazini iliyo wazi tayari, yenye ukubwa kama ile inayojengwa na inayouza vitu vya namna moja, katika kartye inayofanana. Wamama wanne wanatosha: mmoja anahesabu magari na moto zinazopita, wa pili zinazosimama, wa tatu anaandika saa ya kusimama na saa ya kuondoka kwa chache kati yake, wa nne anauliza kwa upole wanaotoka kama walikuja kwa sababu ya duka au walikuwa wanapita. Kila dakika 15 mnaanza mstari mpya. Mstari mmoja kwa moto, mmoja kwa taksi na gari ndogo, mmoja kwa taksibasi, mmoja kwa kamyo. Wanaovuka kwa miguu nao wanahesabiwa, zaidi watoto wa shule. Mwisho mnatafuta dakika 15 nne zinazofuatana ambazo jumla yake inazidi zote. Hiyo ndiyo saa ya kufanyia hesabu, kwa sababu ndiyo saa inayotuumiza.

Tena tuwe wa kweli. Pale ambapo sisi wenyewe tumeshusha mabeseni ndani ya lami, tupime hizo mita na kuziandika. Karatasi inayoficha upande wetu haitapokelewa na mtu yeyote. Nina imani kwamba mita zetu zitaonekana chache mbele ya zile za magari yaliyosimama, lakini imani yangu haitoshi. Mita ya fundi wa nguo itasema.

Karatasi hiyo ipelekwe kwa mkuu wa kartye, kwa komine, na kwa ofisi ya Urbanisme inayoshughulika na ruhusa za kujenga, wakati jengo lingali msingi. Likifika ghorofa ya pili, hakuna atakayesogeza mlango. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kwa miradi inayoweza kuleta madhara, na inataja kusikiliza raia kwanza. Kwa magazini ya mtaa pengine watasema ni ndogo sana. Tuulize hata hivyo.

Tuombe vitu vinavyowezekana. Kamyo zishushe mizigo mbele ya saa moja ya asubuhi, au baada ya saa mbili ya usiku pale usalama unaruhusu. Mlango wa mizigo uwe kwenye njia ya pembeni kama ipo. Moto zipewe mahali pa kungojea, hatua kumi na tano kutoka kwenye mlango, siyo kwenye kona. Nafasi ya magari matano iwe ndani ya kiwanja. Na nafasi ya wamama wa mabeseni iandikwe katika mpango kwa mita zake, kwa sababu kisichoandikwa ndicho kinachofukuzwa kwanza.

Kwa wale watakaohesabu: chagueni siku mbili, moja ya katikati ya juma na moja ya Jumamosi. Msichague siku ya mvua kubwa, wala wakati wa likizo ya shule, wala siku za mwisho wa mwezi watu wanapolipwa. Asubuhi anzeni saa moja na robo, wanafunzi wakiwa barabarani. Kuleni mbele ya kutoka, kwa sababu anayehesabu haachi mahali pake hata dakika tano. Daftari ziwe mbili, na moja ibaki kwetu.