DHAMANA SI FADHILA YA POLISI

Jumatatu moja alfajiri tulimkuta mama ameketi kwenye ngazi za ofisi yetu, amejifunika leso hadi kichwani. Mwanawe, kijana wa miaka 19 anayechuuza soksi sokoni, alikamatwa Ijumaa saa kumi jioni, polisi walipokuwa wakitawanya maandamano ambayo yeye hakuyahudhuria. Mama alikwenda kituoni jioni hiyo hiyo, akaambiwa alete shilingi 10,000 za dhamana. Akauza mbuzi, akakopa kwa chama cha akina mama wa kanisa, akapata 6,000, akazitia mkononi mwa afisa wa zamu. Hakupewa risiti. Hakupewa mwana.

Tulimwuliza nambari ya kesi katika kitabu cha matukio, yaani OB. Hakujua kwamba kuna kitabu.

Ndugu wasomaji, kisa hiki hakina ajabu yoyote, na hiyo ndiyo aibu yake. Katiba tuliyoipigia kura mwaka 2010 yasema wazi katika Kifungu cha 49: aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake; anyamaze akipenda; awasiliane na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika; afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita; na aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuia. Anayepaswa kuzithibitisha sababu hizo ni upande wa mashtaka. Tena, kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimpeleki mtu rumande hata siku moja. Ni wakenya wangapi waliokwisha kuambiwa hilo kizimbani?

Haki hii haikushuka na mvua. Mwaka 1987 Katiba ya zamani ilirekebishwa ili mshtakiwa wa kosa la kunyongwa asipate dhamana kamwe. Mwaka 1988 ikarekebishwa tena: polisi wakapewa siku 14 za kumzuilia mshukiwa wa kosa la namna hiyo kabla ya kumfikisha kwa hakimu, na kwa mkupuo huo huo majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi yao. Wakili Gibson Kamau Kuria alipotoa ilani ya kuishtaki serikali kwa niaba ya wateja walioteswa, mwaka huo wa 1987, aliwekwa kizuizini yeye mwenyewe. Julai 1990, katika siku za Saba Saba, wakafuata mawakili John Khaminwa, Mohamed Ibrahim na Gitobu Imanyara. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tukiwasikia wazazi wakinong'ona kando ya redio. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula pale Uhuru Park. Walipopigwa na kutawanywa, waliokoka kwa kuingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Watawala wale walielewa jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: mtu asiye na wakili wala dhamana hukiri lolote.

Leo hakuna siku 14. Kuna Ijumaa.

Katiba yasema kwamba saa 24 zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, basi mshukiwa aweza kufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Afisa aliyeisoma ibara hii vizuri kuliko sisi sote hukamata watu Ijumaa alasiri, nao hulala korokoroni siku tatu bila herufi moja ya sheria kuvunjwa. Lakini tusidanganywe. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai humpa mkuu wa kituo uwezo wa kumwachilia mtu kwa dhamana, wikendi au usiku, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji, uhaini na wizi wa mabavu. Anayekwambia "njoo Jumatatu" amechagua kusema hivyo. Na dhamana ya polisi haina bei. Mtu aweza kuachiliwa kwa kutia sahihi tu. Pesa zikitakiwa, ni amana ya kurudishwa, na lazima risiti itolewe. Pesa zisizo na risiti zina jina lake, na jina hilo kila mtoto wa Kenya analijua.

Na mahakimu je? Sheria yasema kiwango cha dhamana kiangalie hali ya kesi wala kisipite kiasi. Hakimu anayemtaka mchuuzi wa soksi alete 200,000, au mdhamini mwenye hati ya shamba katika mji ambao mchuuzi huyo amepanga chumba, amemnyima dhamana kwa lugha ya adabu. Hati yenyewe yapaswa kuhakikishwa, na kuhakikisha huchukua siku. Mwaka 2025 tuliona vijana walioshikwa katika maandamano wakishtakiwa kwa sheria ya kupambana na ugaidi, na kosa likivishwa joho zito namna hiyo, bei ya uhuru nayo hupanda. Hapa ndipo kazi ya wakili ilipo: kumwomba hakimu mshtakiwa ajidhamini mwenyewe kwa ahadi, na hakimu akikataa, kwenda Mahakama Kuu kuomba kiwango kipunguzwe. Pesa taslimu zilizowekwa mahakamani hurudishwa kesi ikiisha, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alihudhuria. Wengi hawazifuati kwa kutojua.

Tunajilaumu na sisi. Mawakili tumejazana Nairobi, na wanapotuhitaji watu wa vijijini hukutana na makanjanja wa veranda za mahakama. Wakili wa kweli ana cheti cha kazi cha mwaka huu, maana kila cheti hufa tarehe 31 Desemba. Mwombeni awaonyeshe, na ada yake iandikwe. Chagueni wa mji wenu, anayemjua karani wa mahakama hiyo na anayeweza kufika kituoni kwa miguu saa tatu usiku. Asiye na pesa aende Kituo cha Sheria, kilichoanza kazi mwaka 1973, au kwa huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wakati wa maandamano ya 2024 Chama cha Wanasheria kilitoa mawakili bila malipo, lakini wakili hawezi kumtafuta mtu ambaye jina lake halijulikani. Nendeni wawili kituoni, ulizeni nambari ya OB, andikeni jina la afisa na saa.

Makanisa yanayotusoma yajue kwamba neno hili si geni katika Maandiko. Yasoni wa Thesalonike na wenzake waliachiliwa kwa dhamana. Naye liwali Feliki alimweka Paulo kifungoni miaka miwili huku akitazamia kutiwa kitu mkononi. Paulo hakutoa. Mbona basi wazee wa kanisa, mshiriki wao akikamatwa, huchanga harambee ya kumpa Feliki? Harambee hiyo ingemlipa wakili. Jina la wakili huyo na nambari yake ya simu vingebandikwa ubaoni, karibu na ratiba ya kwaya.

Kijana yule wa soksi alifikishwa mbele ya hakimu Jumatatu hiyo saa nane. Tuliomba ajidhamini mwenyewe. Hakimu alikubali kwa dakika chache tu, kwa maana kiongozi wa mashtaka hakuwa na sababu hata moja ya kupinga. Shilingi 6,000 hazijarudi. Tumemwandikia mkuu wa kituo barua mbili, hajajibu. Ya tatu tumeipeleka kwa mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, pamoja na taarifa ya mama, aliyoitia kidole gumba mwenyewe.