Picha ya treni ya mizigo si ujasusi jamani

Huku chuo tunajiandaa na mazoezi ya kufundisha, kila mtu anahangaika na zana. Mimi na Jiografia yangu nikatafuta picha ya treni ya makaa ya mawe. Zimejaa tele, za Wyoming kule Marekani: mabehewa 100 na zaidi, kila moja linabeba tani 100 hivi, yote yanaelekea kwenye mitambo ya umeme. Kuna watu wazima huko burudani yao ni kusimama kando ya reli na kamera.

Sasa mtoto wa Kibakwe nimfundishe treni ya Wyoming, kwani sisi hatuna treni? Reli ya Kati inapita Gulwe na Godegode, humuhumu wilayani Mpwapwa. Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Lakini toa simu upige behewa la mizigo uone. "We kijana, kibali kiko wapi?"

Eti usalama. Haya, reli hiyo inaonekana kwa satelaiti, adui wa kweli hasubiri simu yangu. Halafu mwaka 2024 SGR ilipofika Dodoma, nchi nzima ilipiga selfi na treni ya abiria na hakuna aliyeitwa jasusi. Ya mizigo tu ndiyo siri?

Picha hizo zina somo. Treni moja ya tani 10,000 ni malori zaidi ya 330 ya tani 30. Makaa yetu ya Ngaka, kule Mbinga, yanasafiri kwa malori, maana reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay haijajengwa. Na umeme wa jirani yetu Mtera, megawati 80, unatokana na maji, ambayo yakitoka hapo yanakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Mwanafunzi akiwekewa picha ya lori, ya treni na ya bwawa, atauliza mwenyewe kwa nini barabara zetu zinachakaa.

Tena tusisahau Igandu. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mtoto anayeishi karibu na reli hii ana haki ya kujua behewa lililosheheni lina uzito gani na breki kazi yake nini.

Sisemi watu wapande relini, hapana. Daraja na karakana zilindwe. Ila wenye reli waandike wazi wapi ni marufuku na wapi ruksa, na shule zitengewe siku ya kusimama stesheni na kupiga picha mizigo ikipita. Mwalimu asiombe kibali kama mhalifu ili aonyeshe darasa kitu kinachopita mlangoni kwao.