Peptidi: faida ipo kwenye njia, si kwenye jina

WAFANYABIASHARA wa dawa wa Ifakara na bonde zima la Kilombero wanaosikia sifa za peptidi za kuua bakteria wasikimbilie kutoa mtaji. Swali la kwanza sokoni si kama dawa inaua vijidudu. Ni je, itamfikia mgonjwa wa Mlimba au Malinyi ikiwa bado ina nguvu, na kwa bei gani?

Peptidi ni kipande kifupi cha protini. Ikimezwa, tumbo huisaga kama linavyosaga nyama. Ndiyo maana kolistini, inayotumika dhidi ya bakteria sugu, hutolewa hospitalini kwa sindano, huku basitrasini na polimiksini B zikitumika zaidi kama marhamu, poda na matone.

Kidonge kinawezekana, ila kina gharama. Semaglutaidi, peptidi ya kutibu kisukari, iliidhinishwa Marekani kama kidonge mwaka 2019. Mgonjwa anayechomwa miligramu 0.5 kwa wiki, akihamia kwenye vidonge huweza kumeza miligramu 14 kila siku, yaani 98 kwa wiki. Sehemu kubwa hupotea tumboni, na mnunuzi ndiye hulipia.

Bonde hili lina kumbukumbu yake. Chanjo ya malaria SPf66, peptidi iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilijaribiwa Idete kwa watoto 586 kwa ratiba ya sindano tatu. Mwaka 1994 ilitangazwa kupunguza malaria kwa asilimia 31, na matumaini yakapanda. Jaribio la baadaye kwa watoto wachanga, lililotangazwa 1999, halikuonyesha kinga ya maana. Haikufika madukani.

Wapo watakaosema anayetangulia ndiye anayevuna. Sawa, lakini Duka la Dawa Muhimu haliruhusiwi kumchoma mgonjwa sindano. Dawa ya sindano, hasa inayohitaji ubaridi, ni biashara ya hospitali na wauzaji wakubwa wa jumla. Daraja la Kilombero, lililozinduliwa 2018, limefupisha safari ya kuvuka mto, lakini halikuweka jokofu dukani.

Kabla ya kununua hisa au shehena, mwenye mtaji mdogo aulize mambo matatu: inatumiwaje, inahifadhiwa katika joto gani, na je, imesajiliwa na TMDA? Asipojibiwa yote, fedha zibaki mfukoni. Dawa ikichacha rafuni, hasara haimwendei mgunduzi. Humwendea mwenye duka.